Afande wa Mlango wa Mkabala

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba hicho chumba cha kufulia cha meli hakijakupika pamoja na mashuka ya abiria. Sisi huku hatujambo. Mimi ni magoti tu, na hayo umeyazoea kuliko mimi mwenyewe. Binti yako Kibiriti anaendelea vizuri. Suruali za shule zimeanza kumkimbia miguuni, na maneno yamezidi urefu. Kifua chake kimetulia mwezi huu wote, namshukuru Mungu.

Naandika kwa kidole kimoja kama kawaida, kwa hiyo makosa uyasamehe. Najua maneno haya yatakaa hewani mpaka meli yenu itie nanga penye mtandao. Hayana haraka.

Habari kubwa ya huku ni homa ya dengue. Imeingia mtaani kwetu. Fundi viatu wa kona ameshalala, na mwalimu wa hesabu wa Kibiriti naye. Wanasema mifupa inauma kama imepondwa, na macho yanauma hata kuyageuza. Mbu wenyewe si wale wanaokuimbia sikioni usiku. Hawa wana madoa meupe miguuni na wanauma mchana kweupe, umekaa mezani unakula, nao wanakula.

Juzi wapuliza dawa wa jiji walikuja na mashine zao za moshi mgongoni. Walitaka kupuliza uani, kwenye ngazi na ndani ya kila nyumba ya jengo letu. Mimi nikashuka nikasimama langoni. Wewe unajua kwa nini. Walipopuliza mara ile nyingine, moshi ulipita chini ya mlango, na Kibiriti akalazwa na mpira wa hewa puani, midomo imebadilika rangi. Sijaisahau ile sura.

Nikamwuliza mkubwa wao, "Dawa hii ina nini ndani?"

Akasema, "Inaua mbu, Mzee, haiui watu."

"Na mjukuu wangu mwenye pumu?"

"Mfungieni ndani."

"Ndani si ndiko mnakotaka kupuliza?"

Alikuwa na majengo mengi ya kumaliza, akaona asibishane na mzee mwenye bisibisi mkononi, wakaenda zao jengo la jirani. Sikuwa namtishia mtu, nilikuwa natengeneza feni.

Aliyekasirika ni jirani yetu wa mkabala, yule mama mlinzi wa benki tunayemwita Afande. Alikuwa amesimama nyuma yangu na sare yake. Aliniambia mbele ya watu, "Baba, jengo hili si lako peke yako." Nikamjibu kwamba mjukuu ni wangu peke yangu. Tangu siku hiyo salamu zetu ni za kukohoa tu.

Kula vizuri. Vaa kitu kizito ukitoka kwenye joto la hizo mashine.

Baba yako


19 Machi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za nyumbani, habari za magoti? Mimi mzima kabisa, nina malengelenge ya pasi kidole kimoja tu, na hayo hapa kwetu hayahesabiwi kuwa ugonjwa. Tumetia nanga asubuhi hii na barua yako imeingia nikiwa nimebeba furushi la taulo. Nimekaa juu ya furushi nikaisoma hapo hapo.

Baba, sijui niseme nini. Niliposoma na kufika pale uliposimama langoni, moyo wangu ulikushangilia. Mimi sikuwepo siku ile mwanangu alipowekewa mpira wa hewa. Wewe ulikuwepo. Kwa hilo sitapata neno la kukushukuru linalotosha, na sitaki udhani haya ninayoyaandika sasa yanalifuta.

Lakini nilipomaliza kusoma nikaanza kuogopa. Dengue nayo inaua, Baba. Na mbu akishaingia kwenye jengo haulizi nani ana pumu.

Hapa melini nao hupuliza dawa. Wanafanya hivi: wanawatoa abiria wote wa upande huo, wanapuliza, wanaacha harufu iishe, halafu sisi wa usafi tunaingia kufungua madirisha na kufuta kila kitu. Abiria wanarudi hawajui kilichopita. Je, haiwezekani Kibiriti akaondolewa nyumbani siku nzima, na siku ya pili pia ikibidi? Sisemi ukubali. Nasema uwaulize.

Na Afande, Baba, usikohoe. Msalimie kwa mdomo. Kumbuka yule ndiye aliyembeba Kibiriti alipoteguka mguu. Ana sauti ya gwaride, lakini ana roho.

Tunaondoka jioni. Nikifika bandari nyingine nitaandika tena. Mbusu Kibiriti, mwambie mama anampenda, na anyamaze kidogo babu apumzike.

Mwanao


30 Machi

Mwanangu,

Salamu. Natumaini hujambo, na kidole kimepona. Kibiriti hajambo. Mimi nasema sijambo kwa sababu ndivyo barua inavyotakiwa kuanza.

Yamenifika. Mume wake Afande, yule tunayemwita Bwana Pole, mshona mapazia asiyewahi kumpandishia mtu sauti, ameugua dengue na amelazwa. Alianza na homa, ufizi ukatoka damu, wakamkimbiza hospitali. Nimeambiwa na watu wa chini. Mimi hakuna aliyekuja kuniambia.

Nilimkuta Afande kwenye ngazi anafunga viatu vyake vya kazi. Nikamwambia, "Pole kwa mgonjwa, mwanangu."

"Asante, Baba." Hakuinua uso.

"Kuna lolote ninaloweza kufanya?"

"Ulikwishafanya, Baba. Ulisimama langoni."

Akashuka. Nilibaki nimeshika ukuta. Maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo. Nimejitetea peke yangu chumbani kama mtu aliye mbele ya hakimu: kwamba huenda mbu alimwuma dukani kwake, kwamba moshi hauui mbu wote, kwamba mjukuu wangu angekosa pumzi. Yote yana ukweli ndani yake, na hakuna hata moja ambalo ningeweza kumwambia mwanamke anayekwenda kumtazama mumewe.

Wazo lako la meli nimelipenda. Nilikwenda ofisi ya afya ya mtaa kuuliza, nikaambiwa wapulizaji wamehamia upande mwingine wa jiji, watarudi watakaporudi. Nimeacha jina la jengo letu.

Nilimpelekea Bwana Pole feni ndogo niliyoitengeneza, maana wodi ile ina joto. Niliiacha kwa muuguzi, sikutaka kuingia nikamkasirisha mtu. Sijui kama ilimfikia.

Nimalizie hapa. Leo mwili mzima unaniuma, nadhani ni zile ngazi za hospitali. Nimemeza vile vidonge vyangu vya magoti, nitajinyoosha kidogo.

Baba yako


9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama. Nimepata barua yako na nimeisoma mara nyingi. Pole sana, Baba. Hukumleta wewe mbu yule. Ulikuwa unachagua kati ya hatari mbili na mtoto yuko nyuma ya mgongo wako.

Bwana Pole anaendeleaje? Na huo mwili unaouma? Tafadhali pimwa. Nimekupigia simu mara kadhaa tangu tufike hapa bandarini, inasema haipatikani. Labda umesahau kuichaji, kama kawaida yako.

Nijibu hata kwa neno moja.

Mwanao


22 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo, popote ulipo.

Tumetia nanga tena na hakuna barua. Simu bado haipatikani. Nimempigia fundi viatu, namba yake imebadilika. Nimempigia mwalimu mkuu wa Kibiriti, shule imefungwa kwa likizo. Namba ya Afande sina. Miaka yote tumekaa mlango kwa mlango, tukitaka kitu tunabisha hodi, nani angefikiria kuomba namba?

Nimekwenda kwa msimamizi wangu kuomba ruhusa. Amesema nipate kwanza ujumbe wowote kutoka nyumbani ili ajue anaombea nini. Sasa nimkute nani wa kuniandikia?

Jana nilichoma shuka kwa pasi, shimo kubwa. Sijawahi. Yule mwenzangu tunayelala chumba kimoja alinichukua pasi mkononi, akanikalisha, akamaliza fungu langu lote pamoja na lake. Hajui lugha yangu nami ya kwake naijua maneno machache ya kazi. Alinielewa.

Baba, ukisoma haya, usinifiche kitu. Kama ni wewe, niambie. Kama ni Kibiriti, niambie. Nipo tayari kwa lolote, ila kwa kutojua siko tayari.

Mwanao


4 Mei

Mwanangu kipenzi,

Salamu nyingi mno, na pole nyingi kuliko salamu. Niko hai. Kibiriti yuko hai, ananawiri, na hajapata kuugua hata siku moja. Nimeliweka hilo mbele ili upumue kabla hujaendelea.

Nilikuwa naumwa. Sasa nimerudi nyumbani, nimekonda, mkanda nimeutoboa tundu jipya, lakini nakula. Simu yangu, ambayo ndiyo yenye namba yako, ilianguka chini ya kitanda ikazima, tukadhani imepotea hospitali. Leo ndipo Kibiriti ameiokota, nikaichaji, nikaona barua zako mbili, nikalia kama mtoto. Kibiriti akaniletea glasi ya maji.

Sasa nikusimulie.

Ule uchovu niliokuambia haukuwa wa ngazi. Ilikuwa dengue. Nikawa na homa kali, na mimi mjinga wako nikaendelea kumeza vidonge vya magoti nikidhani vinasaidia. Baadaye homa ikashuka, nikajiona nimepona. Asubuhi nikaamka kumpikia Kibiriti chai, nikainama kuchukua sufuria, jiko likazunguka. Nilianguka chini, pua ikaanza kutoka damu na haikutaka kusimama.

Kibiriti hakulia. Alifungua mlango akavuka akagonga kwa Afande kwa ngumi zote mbili. Mtoto huyu alijua vizuri kwamba hatusemezani. Alikwenda tu.

Afande alikuwa anajiandaa kwenda kazini. Aliingia na viatu vyake, akanitazama mara moja, akauliza, "Baba, umemeza nini?"

Nikamwonyesha vidonge.

"Na homa imeshuka lini?"

"Jana."

Alivichukua vidonge akavitia mfukoni. Akaniambia, "Hivi ni aspirini. Kwenye homa hii hivi vinaizidisha damu kutoka. Na homa ikishuka ndipo hatari inapoanza. Haya nimeambiwa wodini kwa mume wangu. Nyanyuka."

Nikasema, "Mwanangu, siwezi."

"Sikukuuliza kama unaweza. Nishike shingo."

Alinibeba mgongoni, mwanangu. Mimi, baba yako, kwa ngazi zote za ghorofa ya tatu, mbele ya majirani waliokuwa wanakwenda makazini. Nilitaka kufa kwa aibu kabla ya kufa kwa ugonjwa. Nilimwambia sikioni, "Afande, mimi ndiye niliyesimama langoni." Akasema, "Najua. Nyamaza, unanipotezea pumzi."

Hospitali walikuta zile chembe zinazozuia damu kuvuja zimeshuka vibaya. Daktari, kijana mmoja mwenye macho ya kukosa usingizi, alihangaika na mimi kama vile nimemzaa. Damu ikahitajika. Afande alipiga simu kazini kwake, wakaja walinzi wawili na sare zao, wakajilaza wakatoa. Siwajui hata leo, waliondoka kabla sijafumbua macho. Kwa hiyo sasa nina damu ya walinzi wawili mwilini, na Kibiriti anasema ndiyo sababu natembea nimenyoosha mgongo.

Muda wote huo Kibiriti alikaa kwao. Bwana Pole alikuwa ameshatoka hospitali, bado dhaifu, akawa anashinda naye. Kamfundisha kushona pindo. Dawa ya kuvuta ya kifua chake, Afande aliipanga kwenye rafu juu ya kitanda, akawa anamsimamia kila asubuhi kama askari wa zamu. Feni yangu niliikuta sebuleni kwao inazunguka. Ilimfikia.

Niliporudi nilitaka kumwomba radhi ipasavyo. Nikavaa shati safi, nikaenda kugonga. Nikaanza, "Mwanangu, siku ile langoni..."

Akanikatiza. "Siku ile langoni ulikuwa unamlinda mtoto. Na mimi kule ngazini nilikuwa namlilia mume wangu. Kaa ule, chakula kinapoa."

Bwana Pole akasogeza kiti. Yalikwisha hivyo. Nilikuwa nimetayarisha hotuba nzima.

Wapulizaji wamerudi wiki iliyopita. Safari hii mkubwa wao ni mama mmoja mpole, anasikiliza. Mimi na Afande tulishuka pamoja kuzungumza naye. Nikamweleza mambo ya pumu, na nikamweleza ya meli yenu. Akasema mtoto aondoke kabla hawajaanza na asirudi siku hiyo, vyombo na maji vifunikwe, madirisha yafunguliwe harufu itoke, halafu sakafu na meza zifutwe vizuri. Akaongeza kwamba moshi huua mbu wanaoruka tu. Wale wadogo walio majini hawaguswi, hao tuwatafute wenyewe.

Tukatafuta. Tanki la juu ya paa lilikuwa halina mfuniko, limejaa viluwiluwi wanacheza. Afande akasema, "Mnaona? Mwenye nyumba huyo." Yule mama akaingia kwangu, akavuta kisahani cha kukingia maji nyuma ya friji bovu ninalotengeneza. Viluwiluwi. Halafu akavuka kwa Afande, akainua visahani vya maua yake anayoyapenda kuliko mshahara. Viluwiluwi, tena wanene. Tulitazamana, Afande akaanza kucheka, nami nikacheka mpaka mbavu zikauma. Tumemwaga vyote. Tanki nimelitengenezea mfuniko kwa mlango wa friji la zamani, umekaa kama ulizaliwa nalo.

Siku ya moshi tuliondoka watatu: mimi, Bwana Pole na Kibiriti. Wagonjwa wawili na mtoto, tungeenda wapi? Tukaenda kituo cha treni, maana kina viti, kivuli na choo. Tulishinda pale tukiwapungia mikono watu tusiowajua. Mama mmoja akamwuliza Kibiriti, "Mnasafiri kwenda wapi?" Akamjibu, "Popote, ila mbu wakishakufa tunarudi." Usiku tulilala kwa dada yake Bwana Pole. Afande aliomba ruhusa kazini akabaki kufungua madirisha na kufuta nyumba zote mbili. Kibiriti amerudi, amevuta pumzi ndefu mlangoni, amesema kunanuka sabuni. Kifua kimya. Nilikaa naye nikimsikiliza mpaka akaniambia, "Babu, acha kunisikiliza."

Mwanangu, nimeishi miaka mingi nikijiona mtu wa kujitegemea. Sasa nina deni la shukrani kwa kila mlango wa ngazi hii, na wala halinilemei. Namshukuru Mungu, nawashukuru walinzi wale, nakushukuru wewe kwa wazo la abiria. Usilie sana. Tumepona.

Baba yako


13 Mei

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa siku zote ambazo sikujua kama yupo wa kuipokea.

Nimeipata barua yako. Mstari wa kwanza ulioandika kwamba uko hai niliusoma nikasimama, nikatoka nje, nikashika reli za meli. Halafu nikarudi kusoma yaliyobaki. Nilimsomea kwa sauti mwenzangu wa chumbani, yule aliyenipokea pasi. Hakuelewa neno, lakini nilipofika mahali pa kubebwa kwako mgongoni nikamwonyesha kwa mikono, akacheka na kulia kwa pamoja. Anakusalimu. Anasema, kadiri nilivyomwelewa, kwamba naye ana baba mbishi.

Mwambie Kibiriti nimejivuna mpaka watu wa jikoni wamesikia. Kila mtu hapa anajua kwamba binti yangu aligonga mlango kwa ngumi zote mbili. Na mwambie daktari wako mwenye macho ya usingizi, ukimwona, kwamba kuna mwanamke baharini anamwombea alale.

Sasa sikiliza. Nilimpelekea msimamizi barua yako. Hakuielewa naye, ila aliona machozi yangu akataka nimtafsirie. Nilipomaliza akasema mkataba wangu unakaribia kwisha, niumalizie nyumbani. Nashuka bandari ijayo. Nimeshapata nafasi ya ndege. Sijui kama nitarudi tena melini, hilo tutalizungumza tukiwa tumekaa, bila mtandao kutukatiza. Nimewahi kufikiri kwamba kukupelekea matumizi kunatosha. Kumbe kuna siku mtu anahitaji mgongo tu, na mgongo wangu ulikuwa mbali. Afande, aliyekuwa na mgongo karibu, hakuutunza kwa ajili ya watu wake peke yao.

Baba, usiijibu barua hii, nitakuwa njiani. Na usinune nikifika. Utanisikia napanda ngazi, nitafika ghorofa ya tatu, na sitaanza kwako. Nitaweka mzigo chini, niupe mlango wetu kisogo, nibishe hodi mkabala kwanza.

Mwanao